Msomaji Aliyeniita Mwaitu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawa mnisikilize. Sijawaita hapa niwachekeshe. Najua mkiona bibi anaandika juu ya wafu mnasema ni yale yale ya kutishia watoto walale mapema. Mimi sina wakati huo. Nililea wangu kwa ukali, nikapikia watu wengine miaka mingi huko Muthangari, na hakuna nyumba niliyotoka nikiitwa mwongo. Haya niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na akili zangu, nikiwa nimekula na kushiba. Asiyetaka kuamini aweke karatasi chini aende akafanye kazi nyingine.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Mimi na binti yangu Mueni tulikuwa tunaishi Kinoo, vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la makaa. Mumewe, Kioko, alikuwa dereva wa lori, leo yuko Mombasa, kesho Kampala, nyumbani anapita kama mgeni. Mume wangu mimi alikuwa ameshafariki. Sisi ni Wakamba wa upande wa Machakos, na ni watu wa kanisa. Kumbukeni hilo, msije mkasema nilikuwa mtu wa waganga.

Mueni alikuwa mwandishi. Sisemi karani, ingawa mshahara wake ulitoka kwa ukarani, kumpigia taipu mhasibu mmoja Mhindi pale Westlands, Bwana Kanti. Nasema mwandishi wa vitabu vya hadithi. Alikuwa ametoa kimoja. Kampuni ndogo ikakichapa, maduka ya mjini yakakiweka dirishani kwa muda, kisha yakamrudishia. Boksi zima lilikaa chini ya kitanda changu. Kila nikifagia nalisukuma. Unajua uchungu wa mtu kuandika kitabu kikasomwa na mama yake peke yake? Na mama mwenyewe anasoma kwa kidole, akifika ukurasa wa kumi amelala.

Basi Bwana Kanti akaingiza kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Jioni kazi ikiisha alimruhusu Mueni aitumie, wakati yeye anangoja mama yake mzazi afunge duka la vitambaa lililokuwa chini ya ofisi. Mashine ile ilianza kwa kulia, mlio wa paka aliyebanwa na mlango, kisha inanyamaza, na hapo Mueni anakuwa ameingia. Ukimuuliza ameingia wapi, anakwambia, "Niko kwa watu, Mum."

Na kweli walikuwa watu. Kulikuwa na kikundi cha waandishi na wasomaji wa Kiswahili waliotawanyika duniani, wanaandikiana humo. Muuguzi mmoja, Zuhura, alikuwa Dubai. Mwalimu mmoja alikuwa Moshi. Mwingine alikuwa Ujerumani anafundisha Wazungu. Mueni alikuwa anawatumia sura moja ya hadithi, na kesho yake anarudishiwa maneno. Huyu anasema hapa umeharakisha, yule anasema hapa nimelia kazini watu wakaniona. Kuna wakati walibishana wiki nzima juu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, vile hutwangwa. Mueni akaja kuniuliza.

"Waambie yananyunyiziwa maji kidogo tu, kisha yanatwangwa," nikamwambia. "Na huyo wa Ujerumani aache mambo ya jikoni."

Aliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Siku iliyofuata alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani. "Mum, wanakusalimia. Wanasema mimi niache, wewe ndiye uandike."

Nilifurahi, sitaficha. Mtoto wangu alikuwa amekaa na lile boksi miaka na miaka, sasa kulikuwa na watu wanaomngoja. Sikuwa nawaona nyuso, lakini nilikuwa nauona uso wake yeye akitoka huko, na ulinitosha.

Kisha akashika mimba. Alikuwa ameshapoteza mbili kabla ya hiyo, na zote mbili mimi ndiye niliyeosha shuka. Kwa hivyo hii ilipokua kubwa nikasema hatatembea peke yake jioni. Nikitoka kazini Muthangari nilikuwa nashuka kwa miguu mpaka Westlands, namchukua, tunaenda nyumbani pamoja.

Sasa lazima niwaambie jambo ambalo kwetu halitajwi.

Kabla ya Mueni nilizaa mtoto wa kiume. Alizaliwa vizuri, mzito, na masikio makubwa ya baba yake. Lakini kwetu, zamani, mtoto akizaliwa si mtu bado. Anakuwa ni wa mizimu. Siku ya tatu wanawake wanakuja, mbuzi anachinjwa, mtoto anapewa jina. Kesho yake baba anamvisha shanga shingoni, na hapo ndipo anakuwa wetu. Wangu hakufika kupewa jina. Mtoto wa namna hiyo akifa haliliwi. Mama mkwe wangu alimfunga kwa leso yangu akamtoa kwa mlango wa nyuma, mimi nikaambiwa nilale. Nikalala. Baadaye nikapata nguvu nikarudi shambani. Sikuwahi kumtaja, hata kwa baba yake, na yeye hakuwahi kumtaja kwangu.

Ni shangazi yake Mueni aliyefungua mdomo, kwenye matanga fulani, wanawake wakiwa jikoni. Na Mueni, kwa kuwa ni mwandishi, hakuweza kulala na jambo hilo likiwa kimya. Akalifanya hadithi. Akamwandika kaka yake kana kwamba aliishi, akakua, akaingia Nairobi kutafuta kazi, anavaa shati jeupe la mikono mirefu, ana kovu lililokata nyusi ya jicho la kushoto. Na akampa jina.

Jina hilo sitaliandika hapa. Usinitafute kuniuliza, na Mueni pia usimuulize.

Mimi nilikuja kujua tukiwa tunamenya viazi, Kinoo, Jumamosi mchana.

"Nimepata msomaji mpya," aliniambia. "Huyo ni mkali, Mum. Anasoma mpaka nukta."

"Wa wapi?"

"Hajasema. Anajiita jina la yule kaka kwa hadithi yangu. Wasomaji hucheza hivyo."

"Kaka gani?"

Akaniambia yote, macho yake yakiwa kwenye sufuria. Nikaweka kisu chini. Akasema, "Nilitaka aishi mahali, Mum. Hata kama ni kwa hadithi tu."

"Endelea kumenya," nikamwambia.

Tukamenya. Baada ya muda akacheka kidogo, kama mtu anayetaka kupunguza uzito. "Sasa huyo msomaji anasema nimekosea leso. Mimi niliandika ni nyekundu. Anasema ilikuwa ya manjano na pembe moja imechomwa na pasi."

Hebu niambie wewe unayesoma, angejulia wapi? Leso ile niliichoma mimi kwa pasi ya makaa nikiwa bibi arusi mpya, nikaificha pembe nisichekwe. Iliingia ardhini na mtoto. Mama mkwe aliyemfunga ameshakufa zamani. Kwenye dunia hii nzima aliyebaki anaijua ile pembe ni mimi.

"Huyo mtu achana naye," nikamwambia.

"Mum, ni bahati tu. Leso ngapi ni za manjano?"

"Na pembe?"

"Kenya hii ni leso gani haijachomwa na pasi?" Akacheka tena. Mimi sikucheka.

Hakuachana naye. Nilimwona akibadilika. Zamani alikuwa anatoka ofisini na maneno ya kila mtu, Zuhura kasema hivi, Mwalimu kasema vile. Sasa ilikuwa ni msomaji yule peke yake. Yule anataka kaka arudi nyumbani sura inayofuata. Yule anasema kaka asioe kwanza. Yule ameuliza kama mama yao bado yuko hai. Halafu siku moja akaja ameduwaa.

"Mum, ameniuliza mtoto nitamwita nani. Na mimi sijaambia mtu huko kwamba nina mimba."

"Ulimjibu?"

"Nilimwambia bado hatujaamua. Akasema vizuri, msiamue."

Usiku, tukiwa kitandani, akashika mkono wangu akauweka kwenye tumbo lake. Palikuwa pametulia kama debe la maji. "Siku ambazo yule ameandika, huyu hachezi," aliniambia gizani. "Anatulia tu. Ni kama anasikiliza."

Tena kuna jambo lingine, na hili nililisikia mimi mwenyewe kwa sababu Mueni alinisomea. Zuhura wa Dubai alimwandikia maneno mafupi: "Dada, unamjibu nani? Sisi huku tunaona majibu yako tu. Hakuna mtu aliyekuuliza kitu." Mueni akasema ni mashine, labda ujumbe unapotelea njiani. Nikamuuliza ni njia gani hiyo inayopoteza maneno ya mtu mmoja kila siku na mengine yote yanafika. Akasema sura zimebaki chache, akimaliza hadithi atapumzika. Mtu wa kuandika ni kama mtu wa pombe, usibishane naye akiwa kwenye glasi.

Nilimwambia mchungaji wetu. Akasema tuombe, tukaomba. Halafu nikafanya kile ninachokijua. Kioko alikuwa safarini na hakuna aliyejua atarudi lini, kwa hivyo nikaamua shanga za mtoto nitazitafuta mimi, zikae tayari. Mama yake Bwana Kanti alikuwa anauza vifungo, nyuzi na shanga pale kwenye duka lake la vitambaa. Kila mtu kwenye ile barabara alimwita Ba. Mzee mwenzangu, mfupi, mkali kuliko mimi.

"Ya mtoto?" aliniuliza alipoona ninavyochagua ndogo ndogo.

"Ya mtoto."

"Kwetu ni siku ya sita," akasema. "Mbele ya hiyo hakuna jina. Watu wanataka haraka siku hizi." Akanichagulia za buluu na nyeupe, akazitunga mwenyewe kwenye uzi mgumu, akauma uzi kwa meno. Nikazitia kwenye mkoba.

Hiyo ndiyo siku yenyewe.

Ilikuwa jioni, saa za watu kutoka kazini, na mvua ilikuwa imefunga Westlands yote. Miaka ile umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu, leo huku kesho kule. Nikiwa bado kwa Ba, taa zikazima. Akawasha mshumaa. "Mueni iko juu peke yake," aliniambia. "Kanti ametoka kidogo. Mwambie ashuke, giza hii si nzuri kwa tumbo."

Nikapanda ngazi nikishika ukuta. Jengo zima lilikuwa kimya, ofisi zingine zimefungwa. Mlango wa Bwana Kanti ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na mwanga. Nikasema Mueni amewasha mshumaa. Nikafika mlangoni.

Haikuwa mshumaa. Ilikuwa ile mashine. Umeme hakuna, Westlands nzima ni giza, na kioo cha mashine kinawaka kama dirisha la kanisa. Na kwenye kiti cha Mueni alikuwa amekaa mwanamume.

Alikuwa amenigeukia tayari. Shati jeupe la mikono mirefu. Kovu limekata nyusi ya kushoto. Masikio ya mume wangu, Mungu wangu, yale yale. Na sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo watu huniambia nilikuwa nimechoka. Pale ambapo Mueni alikuwa hajaandika, hapakuwa na kitu. Mikono ya shati ilifika mwisho, na baada ya hapo palikuwa kama moshi wa kuni mbichi. Chini ya suruali vivyo hivyo. Mueni hakuwa amefika kwenye viatu. Na mtu yule alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ni ya Mueni, sauti ya binti yangu kwenye mdomo wa mwanamume mzima.

"Mwaitu," alisema.

Kwetu ndivyo mtoto anavyomwita mama yake. Mueni alikulia mjini, ananiita Mum. Wa kutoka tumboni mwangu, hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Wewe kama ni mzazi unajua, mtoto akiita, mwili unaitika kabla yako. Nilishika mlango nikauma meno ili mdomo usifunguke.

"Jina nimepata," akasema. "Zimebaki shanga. Ziko kwa mkoba wako."

Nikaukumbatia mkoba.

"Nivishe, Mwaitu. Nimekaa nje sana."

Kuna watu husema mfu haulizwi swali. Mimi niliuliza. "Ukivishwa utaenda wapi?"

"Kwa Mueni. Kuna mahali pamepashwa moto tayari."

"Hapo kuna mtu."

"Huyo hana jina bado," akasema. Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto. "Si ndivyo mlivyosema kwangu? Asiye na jina si mtu. Haliliwi."

Mnataka kujua nilisikia nini moyoni. Hiyo nitaondoka nayo. Nitasema hivi tu: hakuwa mbaya. Hakuwa jini wa kwato wala wa meno. Alikuwa mtoto aliyetolewa kwa mlango wa nyuma na hakujua amekosa nini. Kifungo cha shati kilikuwa kimefungwa mpaka kooni, na hakuwa na vidole vya kukifungua, kwa hivyo aliinua kidevu akaniachia shingo, kama wanavyofanya watoto wote wakivishwa.

Nikazitoa shanga. Ndiyo, nilizitoa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia.

Ndipo nikasikia upande wa nyuma, kutoka kwenye giza la ukumbi, mwisho kule kulikokuwa na vyoo: "Mum."

Ilikuwa sauti ile ile. Elewa ninachokwambia. Mbele yangu sauti ya Mueni inaniita Mwaitu, nyuma yangu sauti ya Mueni inaniita Mum. Na ile ya nyuma ilikuwa na maumivu.

"Mwaitu," huyu akasema.

"Mum, njoo," akasema yule.

"Nakuja, Mueni," nikasema. Nikafunga shanga kwenye ngumi, nikamgeuzia yule mgongo, nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu. Aliniita tena nikiwa nautia komeo. Akaniita tena nikiwa natembea. Sikuitika.

Mueni alikuwa amechuchumaa kwenye ukuta karibu na choo, chupa ya uzazi imepasuka, hawezi kusimama. Sijui nilimshushaje zile ngazi. Ba alitupokea chini na mshumaa, na Bwana Kanti alikuwa ndiyo anafika kutoka kwenye mvua. Alituingiza kwenye gari lake hata bila kuuliza. Ba alinikamata mkono mlangoni.

"Wewe mama gani?" aliniambia, na alikuwa amekasirika kweli. "Nimesikia Mueni hapo juu anaita, anaita, anaita. Kwa nini wewe hapana itika?"

Nikamwambia niliitika. Hakuamini.

Mtoto alizaliwa hospitali usiku ule, kabla ya wakati wake, msichana mdogo kama mkate. Wakamtia kwenye lile sanduku la kioo la kupasha watoto joto. Kwa desturi ilibidi tungoje siku ya jina, na baba mtu aje avishe. Sikungoja mtu. Niliingia pale na shanga mkononi.

Muuguzi akanizuia. "Shosho, hapa hatuvishi watoto vitu."

"Basi nitoe kwa nguvu."

"Ana uzito gani huyo wa kubeba shanga? Umemwona?"

"Nimemwona. Na sitoki."

Akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa bado nina matope. "Shingoni hapana," akasema mwishowe. "Leta nifunge hapa kwenye kishikio cha sanduku. Na usiambie mkubwa wangu." Akafunga fundo zuri, namshukuru mpaka leo. Nami nikasema jina la mtoto kwa sauti, mpaka wamama wengine wakageuka. Mwende. Nilisema huyu ni Mwende, binti ya Mueni, ni mtu, ni wetu. Mila nimeishika maisha yangu yote. Siku hiyo niliivunja yote kwa mkupuo, mwanamke akavisha, siku haijafika, mbuzi hakuna. Na Mwende akaishi.

Alipopata nguvu, Mueni aliniambia twende ofisini pamoja, mchana, taa zikiwa zinawaka. Bwana Kanti alikuwa kwenye meza yake na mafaili. Mueni akafungua hadithi ile. Nilikuwa nimemweleza yote, na hakubisha tena. Akaniambia mashine inaweza kulitafuta lile jina popote lilipo, kurasa zote, na kulitoa mara moja.

"Mara moja?"

"Nikibonyeza hapa tu."

Nilikaa. Nilikuwa nimefikiri itachukua siku nzima, kwamba nitakaa pale nikiona likitoka moja moja, niwe nimemsindikiza. Hata mama mkwe wangu alichimba.

"Nifute, Mum?"

"Futa."

Akabonyeza. Pakatokea maneno madogo ya Kizungu katikati ya kioo. Nikamuuliza ni nini.

"Inauliza kama tuna hakika."

Bwana Kanti aliacha kuandika. Sijui alikuwa anajua nini, labda mama yake alimwambia kitu. Mueni hakunigeukia.

"Iambie tuna hakika," nikasema.

Basi. Ndivyo nilivyomtoa mara ya pili, na mara hii sikuambiwa nilale.

Wale wasomaji waliuliza sana kaka amekwenda wapi. Mueni aliwaandikia kwamba hadithi ile imekataa, akaanza nyingine. Zuhura hakuuliza. Alituma nguo za mtoto kutoka Dubai. Mueni ameandika vitabu vingine tangu hapo, na bado anaongea na watu wake huko, na wengine wameshakuja mpaka Kinoo wakala muthokoi yangu. Sikatazi. Watu wa mbali walimpa mtoto wangu uhai ambao sisi wa karibu hatukuweza kumpa. Lakini Mueni haandiki tena wafu wa nyumba hii, wala majina ya watoto.

Mwende alipoota nywele za nyusi, ya kushoto iliacha mstari mtupu katikati. Hajawahi kuanguka, hajawahi kukatwa. Daktari alisema ni kawaida. Sawa, ni kawaida.

Na mimi, tangu jioni ile siitiki kutoka chumba kingine. Mueni akiniita akiwa jikoni, naacha ninachofanya, nainuka, naenda mpaka nimwone uso. Hata nikiwa mgonjwa. Ameshazoea, siku hizi haiti, anakuja. Lakini zipo jioni, umeme ukipotea na mvua ikiwa inanyesha, nasikia naitwa na Mueni hayuko nyumbani. Nakaa kwenye kiti changu. Inaita mpaka inachoka.

Naandika haya kwa sababu Mwende ni mwanamke mzima sasa, na ana mimba. Juzi nilimkuta anacheka na simu. Ameweka picha ya tumbo lake huko kwenye simu, na chini yake jina alilomchagulia mtoto, na watu wengi wamemjibu. Nikamwambia anisomee. Wengi walikuwa wanampa hongera. Mmoja ameandika, "Tunamngoja." Nikamuuliza huyo ni nani. Akasema, kwa neno letu la bibi, "Sijui, Susu. Ni mtu tu."

Nyinyi vijana, mnajuaje ni mtu? Mmemwona miguu?

Niliwaita wote sebuleni, Mueni, Kioko, Mwende na mumewe, nikawaambia wasimame. Nikasema picha ile itolewe sasa hivi nikiona, na jina litolewe, na siku ya kuzaa simu zote zitakaa kwangu ndani ya debe la unga mpaka mtoto awe na shanga shingoni. Nikasema mtu asimlete mfu wa ukoo huu kwenye mashine yoyote, kwa mapenzi wala kwa majuto. Halafu nikawaambia la mwisho, kwa maana mumewe Mwende ametoka nyumbani Machakos juzi na ana heshima nyingi, alikuwa ameanza kuniita kwa lugha ya kwetu. Nikamwambia, wewe niite Susu kama mkeo, au niite Mama Mueni, au usiniite kabisa, njoo tu nilipo. Lakini katika nyumba hii hakuna mtu wa kuniita Mwaitu. Liacheni hilo. Lina mwenyewe.